Kodi haina haja ya kufika Pangani

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa wiki tano, na mbili kati ya hizo nilikaa Pangani kwa shangazi yangu, nikila samaki wa kupaka mpaka nguo zikaanza kunibana. Jirani ya shangazi anaishi mzee wa Kijerumani, umri unakaribia themanini, alihamia pale alipostaafu. Kiswahili chake ni cha kuamkia na kununulia pweza, basi alipojua natoka Hamburg akanganda kama kupe. Jioni ya tatu akaja na bahasha. Ndani mna barua kutoka ofisi ya kodi ya kwao, kurasa sita, inamdai kodi ya mapato ya pensheni yake kwa miaka kadhaa ya nyuma, na riba juu yake.

"Mimi naishi Tanzania," akasema, sauti imepanda mpaka shangazi akachungulia kutoka jikoni. "Watanifanya nini? Watakuja kuchukua boti yangu?"

"Hawaji," nikamwambia. "Watakata hukohuko."

Shangazi akataka atafsiriwe. Nilipomaliza akacheka, akafuta mikono kwenye kanga. "Wadachi hao, mwanangu. Zamani walitudai sisi, leo wanadaiana wenyewe."

Mzaha wa shangazi una historia ndani yake. Mwaka 1888 kampuni ya Wadachi ilipofika hapohapo Pangani kushika forodha, na mkataba wa Sultani wa Zanzibar mkononi, watu wa mrima waliinuka chini ya Bushiri bin Salim. Desemba 1889 Bushiri akanyongwa, Pangani hiyohiyo. Haikupita miaka kumi ikatangazwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo mtu wa pwani akisikia Mdachi anaililia kodi akiwa ufukweni Pangani, msameheni akicheka.

Mie sikucheka sana, maana nimebakiza miaka miwili kustaafu na barua kama ile nitaipata mimi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, pensheni yangu itatoka kule, na nia yangu ni kurudi Tanga. Nikamwambia mzee tuisome barua yote, polepole.

Kwenye hoja ya boti hakukosea. Mahakama za nchi moja hazikusanyi kodi ya nchi nyingine, na jambo hilo ni la zamani. Jaji Mansfield wa Uingereza alilisema kwenye hukumu ya mwaka 1775. Mwaka 1955 serikali ya India ilikwenda London kudai kodi kwa kampuni iliyokuwa inafilisiwa, Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya kule enzi hizo, likaikatalia. Zipo nchi, hasa za Ulaya, zilizokubaliana kusaidiana kukusanya madeni ya kodi, lakini dalali wa kutoka Berlin hawezi kuja kubandika karatasi kwenye boti iliyofungwa Pangani.

Ila hesabu yake iliishia hapo, na kosa ndipo lilipokuwa. Alifikiri kodi ni mtu anayekufuata.

Namwelewa, kwa sababu na mie nimekulia kwenye kodi ya namna hiyo. Marehemu baba alikuwa na duka Ngamiani, na sisi watoto ndio tuliokuwa simu yake. Watu wa mapato wakionekana barabara ya nane, mtoto mmoja anatoka mbio, anapita uchochoroni, na kabla hawajafika kwetu nusu ya milango ya barabara nzima imeshafungwa, wenye maduka wamekaa barazani kama wapita njia. Kulikuwa pia na kodi ya maendeleo, ambayo wazee hawakuacha kuiita kodi ya kichwa. Mgambo wakianza msako, wanaume wazima walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana ndugu mgonjwa Muheza. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, na sidhani kuna aliyeililia. Serikali ilikuwa inatumia nguvu nyingi kumkimbiza mtu kwa pesa ambayo pengine haikutosha hata viatu vya mgambo.

Kisha nikafika Ujerumani. Mshahara wa kwanza nilipewa karatasi yenye mistari mingi, na chini kabisa kiasi kilichobaki. Miaka yote hii sijawahi kuishika kodi kwa mkono wangu. Inaondoka kabla sijaiona, na sijui hata sura ya mtu anayeichukua. Mwanzoni niliona ni ustaarabu. Sasa naona ni ufundi tu: wamekaa kwenye bomba, hawana shida na ndoo yako umeipeleka wapi.

Kwa wastaafu bomba ni mfuko wa pensheni. Tangu sheria iliyoanza kazi 2005, pensheni ya Ujerumani inatozwa kodi kwa sehemu inayopanda kwa kila kundi jipya la wastaafu. Aliyeanza kupokea 2005 au kabla yake, nusu ya pensheni yake ndiyo inayohesabiwa. Anayeanza 2025, asilimia 83.5. Watakaoanza 2058 watahesabiwa yote. Mfuko unapeleka taarifa ya malipo kwa serikali wenyewe, kwa mtandao, yenye namba ya kodi ya mstaafu. Na ipo ofisi maalumu, katika mji wa Neubrandenburg huko kaskazini mashariki, inayoshughulikia wastaafu walioko ng'ambo. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa amejificha hata siku moja. Pensheni yake yenyewe ilikuwa inamtaja kila mwaka. Na usipolipa, ofisi ya kodi inaweza kuuamuru mfuko ukate sehemu ya pensheni kabla haijaanza safari ya kuja Tanzania. Boti haiguswi.

Halafu kuna uhakiki. Wastaafu wetu wanaujua: unapanga foleni na kitambulisho, unaonekana upo hai, unaondoka. Wenzetu wanatuma fomu ya uhai kila mwaka, unaisainisha mbele ya mamlaka na kuirudisha. Fomu ikichelewa njiani, pensheni inasimama mpaka ufufuke. Lengo lake si kodi, lengo ni marehemu wasilipwe, lakini matokeo yake ni kwamba serikali inajua ulipo na kwamba bado unapumua. Mkimbizi wa kodi gani huyo anayeandika anwani yake kila mwaka kwa hiari?

Wengine wana mbinu zao. Marekani inamtoza raia wake popote alipo duniani, na tangu sheria ya 2010 inayoitwa FATCA inazibana benki za nje zitaje wateja wao Wamarekani, ndiyo maana hata benki za kwetu zinakuuliza kama una uraia wa Marekani. Deni likiwa kubwa, pasipoti inaweza kufutwa. Eritrea inawataka raia walio nje asilimia mbili ya kipato, na asiyelipa atajua siku anayohitaji karatasi ubalozini. Uingereza yenyewe inaigandisha pensheni ya serikali kwa mstaafu anayehamia nchi kama Tanzania: kiasi ulichoanza nacho ndicho utakachokufa nacho, bei za London na za Tanga zipande zitakavyo. Si kodi kwa jina, lakini mfukoni maumivu ni yaleyale.

Haki iko wapi? Mzee alisisitiza kwamba kodi ameshalipa maisha yake yote. Kwa kiasi fulani ni kweli, na kwa kiasi fulani anajidanganya. Mantiki ya mfumo ule ni kwamba michango unayokatwa ukiwa kazini inapunguziwa kodi, kisha pensheni ndiyo inatozwa baadaye. Ni deni lililoahirishwa. Mie binafsi sioni ubaya nchi iliyonilipa mshahara ikiendelea kuchukua sehemu yake. Ninacholalamikia ni namna.

Aliyehama anahesabiwa kama mgeni wa kodi. Kile kiwango cha mwanzo ambacho mkaazi wa kule hatozwi, yuro 12,096 kwa mwaka 2025, yeye hapewi, anaanza kuhesabiwa kuanzia yuro ya kwanza. Akikitaka, aombe ahesabiwe kama mkaazi, athibitishe kwamba karibu mapato yake yote yanatoka Ujerumani. Na uthibitisho huo ni fomu inayotakiwa kugongwa muhuri na mamlaka ya kodi ya nchi anayoishi. Yaani TRA!

Nilipofika hapo mzee alikaa kimya. Alikuwa anajikumbusha, nadhani, kwamba TRA nao hawajawahi kumsikia. Kwa sheria yetu, mtu akikaa nchini siku 183 au zaidi kwa mwaka ni mkaazi wa kodi, awe Mdigo au Mdachi, na mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Ukiwa mkaazi kwa jumla isiyozidi miaka miwili katika maisha yako yote, unatozwa yale ya ndani tu. Huyu ana miaka zaidi ya kumi. Akienda dirishani kuomba muhuri wa kumpunguzia kodi ya huko, swali la kwanza litakuwa TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, ni ipi. Nikaona uso wake unabadilika. Shangazi akamletea maji.

Hapa ndipo panaponiudhi. Tanzania ina mikataba michache ya kuzuia kodi mara mbili: Sweden, Denmark, Norway, Finland, Italia, Canada, India, Afrika Kusini na Zambia, kadhaa kati ya hiyo ikiwa ya miaka ya 1970. Ujerumani haimo. Kwa hiyo hakuna karatasi inayosema nani ale kichwa na nani ale mkia wa pensheni ya mzee huyu. Sheria yetu inampunguzia mkaazi kodi aliyokwisha kulipa nje, hilo ni jema, lakini inabaki kazi ya mzee kukusanya vithibitisho kwa lugha mbili. Nawatunza wazee kila siku. Mtu wa miaka 78 anayesahau kama amekunywa dawa ya asubuhi hawezi kujaza ritani, yaani fomu za kodi za mwaka, za nchi mbili.

Wala msidhani mkataba peke yake ni dawa. Ureno iliwavuta wastaafu wa Ulaya kaskazini kwa ahadi ya kutotoza pensheni zao, na mikataba ikazizuia nchi walikotoka zisitoze. Finland ikachoka, ikauvunja mkataba wake na Ureno kuanzia 2019. Sweden ikafuata 2022. Kwa hiyo serikali ikitaka kweli kumpata mstaafu aliyehama, huwa haimfuati. Inaandika upya karatasi na nchi aliyohamia, au inalivua koti la mkataba ikabaki na sheria yake.

Ningepewa nafasi ya kushauri, ningesema wakate kiwango kimoja kidogo hukohuko kwenye mfuko, kama kodi ya zuio, na habari iishe. Bila ritani, bila muhuri. Sweden inafanya hivyo kwa wastaafu waliohama. Kisha nchi mbili zigawane kwa mkataba bila kumsumbua mtu. Najua ubaya wake: kisu cha namna hiyo hakiangalii kama unasomesha watoto wa marehemu dada yako. Lakini kati ya kukatwa bila kuulizwa na kuulizwa mpaka nife, nachagua la kwanza.

Kuna jambo sikumwambia mzee, na kaka yangu hapendi nilitaje. Mie nilichukua uraia wa Ujerumani zamani, enzi ambazo ilibidi kuchagua. Leo Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, Tanzania bado. Maana yake nikirudi Tanga nitakuwa mstaafu wa kigeni sawasawa na yule mzee, mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka Tangamano. Kundi la kibali cha ukaazi linaloweza kunifaa ni daraja C, ambamo wastaafu wamewekwa pamoja na wanafunzi na wamisionari. Mapema 2025 Bunge lilipitisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na mie ni miongoni mwa wanaoisubiri kwa hamu. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Hakuna aliyetuambia anayeondoka leo na kurudi baada ya miaka thelathini aingie kwa fomu gani.

Mzee alilipa. Aliniandikia mwezi wa tatu kwamba amekubaliwa kulipa kwa mafungu, na kwamba TIN ameshachukua, na kijana wa dirishani alimwita babu.

Nami juzi nilikaa jikoni hapa Hamburg, theluji inaanguka, kaka kanitumia namba ya mita ya nyumba niliyojenga Mwambani. Bado haina mtu, kuna mlinzi na taa mbili. Nikanunua umeme kwa simu. Kabla ya uniti kuhesabiwa zikakatwa shilingi 1,500, kodi ya jengo ya mwezi, kama ilivyo tangu walipoihamishia kwenye luku mwaka 2021 na kuipandisha baadaye. Nikamtumia kaka tokeni. Akajibu: "Zimeingia. Lini unarudi?"