Nilitengeneza, Nikaambiwa Nimeharibu

Baba mkubwa ndiye mweka hazina wa kitemo (upatu) cha ukoo wetu pale Katuba, na daftari lake lilishahamia kwenye kompyuta ambayo umri wake hauulizwi mbele za watu. Ndani mna GeForce 8400 GS, kadi grafiki ya 2007, iliyojaa vumbi jekundu la Lubumbashi. Binamu mmoja akaja likizoni, akaiwekea Windows 10, akapanda basi la Kolwezi. Simu ikaja kwangu.

"Mutoto, kuya uangalie. Maandiko inavimba."

Yalikuwa yamevimba kweli. Mashine haina intaneti, Windows haikuitambua kadi, ikaendesha skrini kwa draiva yake ya msingi, yaani programu ya kuendeshea kadi, ile ya kusukuma siku tu: nukta 800 kwa 600. Majina machache ya wanachama, skrini imejaa.

Mwenye akili angemshauri mzee anunue kadi nyingine. Mimi nina kiburi cha ufundi. Draiva ya mwisho ya kadi hizo kwa Windows 10 ni 342.01, ya Desemba 2016. Baada ya hapo waliozitengeneza wakanawa mikono. Nikachomeka modemu yangu, nikaanza kupakua, umeme ukaenda. Ukarudi, bando likaisha. Jirani akashauri niweke draiva mpya kabisa, kwani "mupya njo iko na nguvu." Nikaijaribu, ikajibu kwamba haioni humo kadi yoyote inayoifahamu. Hatimaye 342.01 ikaingia. Skrini ikawa nyeusi kwa muda uliotosha kutubu dhambi zangu zote, kisha ikawaka: 1680 kwa 1050, herufi safi, kitemo kizima mahali pamoja!

Mzee akavaa lunete, akazivua, akazifuta, akavaa tena.

"Njo nini hii?"

"Nimetengeneza, Baba."

"Uliharibisha!"

Kumbe meza yake inatazama dirisha, na dirisha linatazama njia ya kwenda bombani. Tangu maandishi yavimbe, kila mwenye ndoo alikuwa akisoma nani hajalipa. Shemeji aliyekwepa tangu Pasaka alileta pesa mwenyewe, jioni, bila kuitwa.

"Sasa weye ulibaficha bote. Rudisha vile ilikuwaka."

Nikaiondoa draiva, tukaenda kula bukari. Tuliporudi, herufi zilikuwa zimesinyaa tena: Windows ilikuwa imeitafuta draiva mtandaoni na kuirudisha yenyewe, bila kuomba ruhusa. Mzee akaniuliza, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyenifundisha uchawi. Safari hii niliifuta pamoja na faili zake, na modemu nikaitia mfukoni.

Skrini ikazima, ikawaka. 800 kwa 600. Mzee akatabasamu, akaishusha orodha taratibu, akasimama alipotaka kusimama. Pale nje shangazi alikuwa akipita na ndoo kichwani. Akasoma kwa sauti jina langu, la ukoo na la ubatizo, pamoja na miezi yote ninayodaiwa.