Palestina tunaiombea, mahakamani hatuendi

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025 jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima aliyestaafu kazi ya posta, aligonga mlango akauliza kama nina nguo yoyote nyekundu nimwazime. Nikampa kanga. Akajitanda mabegani, tukapanda tramu kwenda kwenye maandamano ya kuitetea Gaza, ambako watu walivaa nyekundu, katika uwanja wa Malieveld hapa The Hague, Uholanzi. Njiani akatoa mkobani karatasi alizozichapisha mwenyewe: maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 19 Julai 2024. Alikuwa amezipigia mistari kwa penseli. Pale majaji waliposema Israeli inaikalia ardhi ya Wapalestina kinyume cha sheria na iondoke haraka iwezekanavyo, mstari mmoja. Pale waliposema nchi zote zina wajibu wa kutosaidia hali hiyo iendelee, mistari miwili. Akaniambia, "Nchi zote, na sisi tumo."

Waandaaji walisema siku ile tulifika watu 150,000. Umati haukunishangaza kama zile karatasi. Mama huyu si Mwislamu, si Mwarabu, hajasomea sheria. Kayasoma maoni ya majaji kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba yake, kisha kaenda kuidai serikali yake iyafuate.

Sisi Watanzania Palestina tumekua nayo. Dua za kunuti tumesoma, michango ya Ijumaa tumetoa, status zimejaa picha za Gaza. Na tuna haki ya kujivunia: Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, PLO, chama cha ukombozi cha Palestina, ikapewa ofisi Dar es Salaam, na mwaka 1988 tukaitambua Palestina kuwa dola wakati Ulaya Magharibi bado inajizungusha. Lakini uhusiano ukarudi mwaka 1995, ubalozi ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018, na sikumbuki mtaani kwetu mtu akiuliza kwa masharti gani. Tunamlaani aliye mbali kwa sauti kubwa, wa kwetu hatumgusi.

Waholanzi walianza na wa kwao. Katika kambi ya anga ya Woensdrecht kuna ghala la vipuri vya ndege za kivita za F-35, ambavyo vingine vilikuwa vinapelekwa Israeli. Asasi tatu, Oxfam Novib, PAX na The Rights Forum, zikaishtaki serikali. Awali zilishindwa. Zikakata rufaa, na tarehe 12 Februari 2024 Mahakama ya Rufani hapa The Hague ikaipa serikali siku saba isimamishe usafirishaji huo. Serikali nayo ikapanda Mahakama ya Juu, ndiyo, ilipigania vipuri vyake. Sijasema hapa ni peponi. Mwezi Mei 2024 polisi walivunja kambi za wanafunzi Amsterdam kwa virungu, na hao walikuwa watoto wao wenyewe.

Najua sasa kuna anayeandika: "Huyu kakaa Ulaya, anatufundisha ujasiri." Ndugu yangu, sijasahau nilikotoka. Zile "taarifa za kiintelijensia" ambazo polisi huzuilia maandamano nazijua, na baada ya waandamanaji kuuawa Oktoba 29, 2025, sina ulimi wa kumwambia mtoto wa mtu aingie barabarani. Nazungumzia mahakama. Na hapo ndipo hasira inaponipanda, kwa sababu mlango tulikuwa nao na tukaufunga. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria. Mwaka 2020 Bunge likaongeza sharti kwamba anayefungua kesi ya haki za msingi aonyeshe yeye mwenyewe ameathirika vipi. Hizo asasi tatu zingefungua wapi kesi yao kwa sharti hilo? Vipuri vya ndege havikuwaangukia wao.

Mwingine atasema Israeli ni taifa teule. Basi na amsikilize Mkristo wa Beit Sahour, mji ulio karibu na Bethlehemu, wengi wao Wakristo. Mwaka 1989 waligoma kuwalipa kodi wanajeshi waliowakalia. Jeshi likauzingira mji, likabeba majokofu, samani na bidhaa madukani. Mawe hayakuwa hoja yao. Hoja ilikuwa kodi bila uwakilishi.

Na vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kusomea kilimo, wakauawa Oktoba 7, 2023? Swali hilo nalipokea kwa uchungu. Sheria inayomlinda mtoto wa Gaza ndiyo iliyowalinda hao wawili, na waliowaua waliivunja. Siku Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati za kuwakamata Netanyahu na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, Gallant, Novemba 21, 2024, ilitoa pia ya Mohammed Deif, kamanda wa Hamas. Na Congo? Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile anayoisoma jirani yangu, iliiamuru Uganda Februari 2022 iilipe Congo dola milioni 325. Anayelia na Goma ana kila sababu ya kuishika sheria hii, si kuibeza.

"Lakini hukumu hazifuatwi." Mwaka 1971 mahakama hiyo ilisema Afrika Kusini imo Namibia kinyume cha sheria. Makaburu hawakuondoka. Ila maoni yale yalipata wenyewe: Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa Dar es Salaam, SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, walikuwa kwetu, na kila mgomo, kila kususia bidhaa kulikuwa na kitu cha kushikia mkononi. Bendera ya Namibia ilipanda 1990. Wapalestina walilijua hilo walipotoa mwito wao wa kususia Julai 9, 2005, mwaka mmoja kamili baada ya maoni ya mahakama hiyo kuhusu ukuta ambao Israeli ilijenga katika ardhi ya Wapalestina.

Tena sheria ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ilianzia kufanya kazi kwetu. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda, ilisomwa Arusha mwaka 1998. Mji huohuo una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu raia na asasi kuifikia moja kwa moja. Lirudishwe. Anayetaka kuisaidia Palestina kutokea Tanga au Mwanza aanze kumuuliza mbunge wake hilo, kwa maandishi, na abaki na nakala.