Umeme wa Rufiji na jioni za Pasua

Saa moja jioni, Pasua, hapa Moshi. Fundi wa mageti jirani yangu anagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, kinanata. Anakivuta, anakigusisha tena, kinanata tena. Balbu ya kibandani imekuwa nyekundu kama kibatari. Umeme haujakatika, ila ni mdogo, na kwa mchomeleaji umeme mdogo ni sawa na hakuna. Anazima mashine, anachukua brashi ya rangi.

Ukisikiliza habari za taifa, utadhani zinahusu nchi nyingine. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ikawa tayari. Uwezo wa mitambo ya nchi nzima umevuka megawati 4,000, karibu mara mbili ya tunachohitaji hata saa ya matumizi makubwa, na sehemu kubwa yake ni nguvu ya maji. Sisi tuliozoea kuangalia gesi ya Songo Songo na mgawo wa kiangazi tumejikuta, ndani ya muda mfupi sana, tunaishi kwa nishati jadidifu.

Siibezi hatua hiyo. Oktoba 2015 mabwawa ya zamani, Mtera, Kidatu na wenzao, yalikauka kiasi kwamba mitambo ya maji ilikuwa ikitoa takriban moja ya tano ya uwezo wake. Bwawa jipya linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, kwa hiyo mwaka mmoja mbaya halitatetereka. Miwili mfululizo? Hapo wenye wasiwasi wana hoja, maana karibu nusu ya uwezo wetu sasa inategemea mto mmoja. (Waliolililia pori la Selous, ambako bwawa limejengwa, nao walikuwa na hoja, ila maji yameshajaa.)

Mjadala uliotugusa sisi wa kaskazini ulikuja Machi 2025. Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Kilimanjaro, alisema mikoa ya huku itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa kuusafirisha kutoka kusini kunatupotezea takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu wakaja juu: wetu umetuzidi, tunanunuaje wa watu?

Hoja ya serikali, mtu wa Uru au Kibosho, huku mlimani, hahitaji mhandisi wa kumwelewesha. Mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, ukitoka juu umejaa, ukipita kwenye udongo kilomita kadhaa, wa chini anaambulia cha kulowesha migomba miwili. Waya nao hunywa hivyo hivyo, kwa kupata joto. Umeme wa Rufiji unapelekwa Chalinze kwanza, kilomita 160, ndipo uanze kugawanywa, na Moshi bado inaegemea njia ya siku nyingi ya kilovolti 132 inayopanda kutoka Hale kupitia Same hadi kituo cha Kiyungi, kisha Njiro, Arusha. Kwa njia hiyo hasara ni jambo la kutarajiwa.

Lakini umeme wa Ethiopia nao una safari yake. Kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, Kenya, ni kilomita 1,045, na hapo bado haujaona Namanga, mpakani kwetu. Mbona huo hauishii njiani? Kwa sababu umejengewa njia ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovolti 500. Volti zikipanda, mkondo unapungua, na kinachochemsha waya ni mkondo. Basi umbali si kisingizio kizima. Ethiopia na Kenya walijenga njia inayolingana na mabwawa ya Ethiopia. Sisi tulimaliza mitambo kabla ya njia. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa, na kununua kwa jirani ni dawa ya maumivu. Ninaikubali dawa hiyo, kwa sharti moja: mkataba uwe mfupi, usije ukawa sababu ya kutoijenga njia yetu. Tena nguzo za kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida zinapita Arusha. Waya uleule unaoweza kuleta wa Ethiopia unaweza siku moja kutuletea wa Rufiji, hata kuuza Nairobi.

Wapo wanaosema tuachane na yote hayo, kila mtu aweke sola juu ya bati. Kwa hoteli na kambi za watalii inalipa, na wengi wameshaweka. Kwa nyumba ya kawaida yenye LUKU hailipi: mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anatozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hakuna betri itakayoshindana na bei hiyo. Na Juni hadi Agosti huku ni mawingu. Kuna wiki Kibo hatuioni kabisa.

Ninakoona maana ni sola kubwa, chini kwenye tambarare za Mwanga na Same. Mvua haba, jua la kutosha, na njia ya Hale inapita hapo hapo. Jua halitamsaidia fundi saa moja jioni, hilo nalijua. Ila mchana likibeba mzigo, mitambo ya Mto Pangani inaweza kubania maji, hata kwa saa chache, na kuyaachia jioni karibu zaidi na sisi. Nyumba ya Mungu ni megawati 8 tu, Hale 21, New Pangani 68. Si nyingi, lakini ziko kwenye njia yetu. Kipingamizi ninachokiheshimu ni cha wafugaji, kwa sababu tambarare ile inaonekana tupu kwa anayepita na basi tu.

Fundi wa Pasua amejipangia ratiba. Mageti anayachomelea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na jioni ni zamu ya brashi. Akipata kazi ya haraka anakodi jenereta, na mafuta yake anayaweka kwenye bei ya geti.