Haibridi mpya au mtumba wa kukarabati? Hesabu ya anayeendesha wikiendi Dar es Salaam

Anayetaka baiskeli moja ya kila kazi, yaani kwenda sokoni jioni, kuzunguka Masaki Jumamosi asubuhi na kuvuka Kigamboni mara mojamoja, mwishowe husimama mbele ya haibridi. Ni baiskeli ya usukani ulionyooka, yenye rimu kubwa kama za baiskeli ya mashindano, ila tairi zake ni pana, milimita 35 hadi 45. Muuzaji atasema inakwenda barabara yoyote. Amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo ya kupigia hesabu kabla ya kutoa pesa.

Tuanze na mazuri yake, maana ni mengi. Kwenye lami iliyochakaa na barabara ya vumbi iliyoshindiliwa, tairi ya milimita 40 ndiyo saizi inayofaa. Mtu wa kilo 75 akiijaza upepo wa psi 45 hadi 50, inateleza vizuri na haigongi rimu kwenye mashimo. Akishusha hadi psi 35, mikono haichoki kwenye njia ya mawe. Gia nazo zinatosha kuliko watu wanavyodhani. Chukua mpangilio wa bei ya chini kabisa: sproketi tatu mbele za meno 48, 38 na 28, na saba nyuma kuanzia 14 hadi 28. Kwenye gia nyepesi, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 2.2 hivi, kwa hiyo mizunguko 60 kwa dakika ni mwendo wa kilomita 8 kwa saa, na mwendo huo unatosha kupanda vilima vya Pugu bila kushuka. Kwenye gia nzito, mizunguko 80 inakupa kilomita 36 kwa saa. Ni watu wachache sana wa wikiendi wanaohitaji zaidi ya hapo.

Ndiyo maana kulipia gia 10 au 11 za nyuma ni kutupa hela. Minyororo ya gia 6, 7 na 8 inaingiliana, na fundi yeyote mwenye banda anaweza kukutafutia. Wa gia 11 ni mwembamba zaidi, bei yake iko juu, na ukikatika Jumapili uko mbali, utasukuma.

Mchanga ni habari nyingine. Njia za Kigamboni zenye mchanga laini zinaizamisha tairi ya milimita 40, hata ikiwa na meno. Hapo panataka tairi ya 55 au zaidi na upepo mdogo, na haibridi nyingi hazina nafasi hiyo kwenye foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Kabla ya kulipa, pima nafasi kati ya tairi na foku, kisha kati ya tairi na fremu nyuma. Ikibaki chini ya milimita 6 kila upande, tairi iliyofungwa ndiyo kubwa kuliko zote utakazowahi kuweka. Angalia pia matundu ya nati kwa ajili ya keria na madigadi. Baiskeli isiyo na matundu hayo haibebi mzigo, na haikukingi na tope la masika, hata iandikwe nini ubavuni.

Foku yenye springi ndiyo chambo kikubwa dukani. Zile za bei rahisi huongeza kilo moja au zaidi, springi yake haina kitu cha kutuliza mrudisho, na baada ya msimu mmoja wa mvua na hewa ya bahari miguu yake inashika kutu na kuganda. Foku ngumu yenye tairi pana ni bora kwa safari hizi.

Sasa upande wa pili: vipuri. Mtu akisikia rimu ya inchi 28, anadhani tairi za baiskeli za Phoenix zilizojaa Kariakoo zitamfaa. Hazimfai. Haibridi hutumia kipimo cha 622, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi inapokaa, kinachoandikwa pia 700C, wakati Phoenix na ndugu zake hutumia 635. Milimita 13 hizo zinatosha kufanya tairi isikae kabisa. Inchi 26 nayo ina mtego wake: baiskeli za milimani za 26 ni 559, lakini nyingi za Kijapani za mtumba zenye kikapu mbele ni 590, zikiandikwa 26 x 1 3/8. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kama 40-622, usisikilize inchi za mdomoni. Kama hutaki kuhangaika na tairi hata siku moja, 559 ndiyo rahisi kupata mtaani. Tairi za 622 zipo, ila zinataka kutafutwa, kwa hiyo nunua tyubu mbili za akiba pamoja na baiskeli. Chagua zenye valvu nene kama ya gari, ili kituo chochote cha mafuta kikusaidie upepo.

Mtumba wa Ulaya wenye rimu za 622, keria na madigadi mara nyingi umetengenezwa vizuri kuliko haibridi mpya ya bei ya chini. Habu zake hasa, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye ekseli. Haibridi rahisi hutumia sproketi za nyuma zinazokazwa kwa uzi juu ya habu, na beringi ya kulia inabaki mbali na ncha ya ekseli. Mtu wa kilo 85 mwenye mzigo kwenye keria ataipinda ekseli hiyo au kuikata. Kujua ni ipi, zungusha sproketi kinyumenyume ukitazama sehemu ya kuingizia spana katikati. Ikizunguka pamoja na meno, ni aina imara. Ikitulia, ni ile ya uzi.

Lakini mtumba una magonjwa yake. Pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu pale breki inapobana: ukihisi bonde, rimu imelika na itapasuka siku moja. Jaribu kupandisha na kushusha siti, kwani nguzo ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma huganda isitoke tena. Pima mnyororo kwa rula: pini hadi pini, viungo 12 kamili ni inchi 12. Ukifika inchi 12 na moja ya nane, umekwisha, na huenda umeshakula sproketi zake. Vikikutana vibovu viwili, tuseme rimu pamoja na mnyororo na sproketi zake, achana nayo. Ukarabati utakaribia bei ya mpya.

Kuhusu breki sisiti: za V, zinazobana ubavu wa rimu, kwa anayeendesha wakati wa kiangazi; diski ya waya, inayobana sahani ya chuma kwenye habu, kwa anayetoka hata mvua ikinyesha. Diski ya mafuta inasimamisha vizuri kuliko zote, ila inataka mafuta yake mahsusi. Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingine hutumia DOT kama ya gari, na fundi akichanganya, mipira ya ndani huvimba na breki inakufa.

Kwa hiyo nani anunue mpya? Anayejua ataendesha kila wiki, kilomita 15 hadi 40, zaidi kwenye lami na vumbi gumu. Pia mtu mrefu sana au mfupi sana, kwa sababu kwenye mtumba hupati saizi kwa kuchagua. Simama juu ya fremu, na ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 5 chini yako. Ambaye bado hajijui kama ataendesha baada ya mwezi wa pili, au atakayeifunga nje ya ofisi kutwa nzima, achukue mtumba na aende na fundi.

Mpya ikitoka kwenye boksi, haijawa tayari. Foku huweza kufungwa kinyume, na beringi kukosa grisi. Kosa linaloharibu zaidi ni boliti za krenki, ile mikono inayoshika pedeli, kutokazwa: krenki ikiendeshwa imelegea, tundu lake la mraba hutanuka na halikazi tena, dawa ni kununua nyingine. Kaza kabla ya safari ya kwanza, kisha rudia baada ya kilomita 100 hivi, pamoja na spoki na waya za gia, maana ndipo zinapolegea. Na siku hiyohiyo ya kununua, omba kishikio cha ziada cha mkono wa gia wa nyuma, kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachopinda baiskeli ikianguka upande wa kulia. Kila modeli ina chake, na mwaka ukipita duka linaweza lisiwe nacho.