Usiniambie Maji Yalikuwapo, Niambie Yalikaa Muda Gani

Wiki hii nimekutana tena na kichwa cha habari kile kile: sayari fulani ina dalili za maji, kwa hiyo inaweza kukalika. Hiyo "kwa hiyo" inanikera kweli. Maji kufika ni jambo moja, kudumu ni jambo jingine kabisa.

Tazama Mirihi. Kigari cha Curiosity kilitua ndani ya kreta ya Gale Agosti 2012, na mwezi uliofuata tukaonyeshwa picha za kokoto zilizoshikamana kama zege lililovunjika. Kokoto za mviringo, kingo zimelika. Upepo hauwezi kubeba mawe ya ukubwa ule. Yalisukumwa na kusuguliwa na mto wenye kina cha kifundo cha mguu, pengine hadi nyonga. Niliikodolea macho picha ile kwa muda mrefu, na hadi leo inanigusa. Mto ulipita pale zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Sasa ni vumbi na baridi.

Mirihi ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya Dunia. Ilipoa mapema, uga wake wa sumaku ukazimika, na upepo wa Jua, yaani chembe zinazorushwa na Jua, ukaichuna angahewa yake kidogo kidogo. Hewa ikishakuwa nyembamba hivyo, maji juu ya ardhi huganda au hugeuka mvuke.

Zuhura nayo inakaribiana na Dunia kwa ukubwa, lakini uso wake una joto la nyuzi 460 hivi. Maji yake yalivunjika, haidrojeni nyepesi iliyokuwa ndani yake ikatorokea angani, nzito ikabaki, na uwiano wa nzito kwa nyepesi leo ni zaidi ya mara 100 ya ule wa bahari zetu. Haya, nakubali: wapo wataalamu wanaosema maji ya Zuhura hayakuwahi kutulia yakawa bahari. Basi ndiyo kusema yalikuwapo na hayakufaa kitu.

Sisi je? Kule Jack Hills, Australia Magharibi, kuna chembe za zirkoni, madini magumu sana, ndogo kama mchanga, kongwe kabisa ikiwa na miaka bilioni 4.4. Oksijeni iliyofungiwa ndani ya chembe hizo ina alama ya miamba iliyogusana na maji. Tangu enzi hizo Dunia imegandishwa, imepigwa na vimondo, imeunguzwa na volkeno, na bado ina bahari. Volkeno hutema kaboni dioksaidi, mvua huiosha hewani, miamba huinasa, bahari huizika kama chokaa, kisha tumbo la Dunia huimeza na kuitema upya. Joto likipanda, mvua huiosha kwa kasi zaidi, na joto hushuka tena. Huo ndio ulinzi wa maji yetu, na ndio ninaotaka utafutwe kwingine.

Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la TRAPPIST-1 b, sayari iliyo karibu zaidi na nyota ndogo ya TRAPPIST-1 kati ya 7 zinazoizunguka, na haikukuta dalili ya angahewa nzito. Zipo nyingine. Tuulize kwanza kama zina hewa.