Marumaru juu ya marumaru: gonga ukuta kwanza

Ukitaka kubadilisha marumaru za ukuta wa jiko, Dar es Salaam utakutana na mafundi wa aina mbili. Mmoja atakwambia, "Hizi tunabandika juu kwa juu, bosi." Mwingine atataka kubandua zote hadi kwenye tofali. Hakuna anayekudanganya.

Kubandua kuna gharama zake. Marumaru iliyoshika sawasawa hung'oka na lipu, kwa hiyo ukuta unapigwa lipu upya, unamwagiliwa maji na kuachwa ukomae. Tindo ikiteleza inatoboa bomba la nyaya. Kwenye ghorofa, kifusi kinashuka ngazi kwa mifuko, halafu ukodi kirikuu ya kwenda kukimwaga. Vumbi la siku hizo ni la kufunika pua.

Juu kwa juu kunaokoa hayo yote, ila kuna masharti yanayorukwa mno. Uso wa marumaru ni kama kioo, haunywi maji. Uji wa saruji hushika kwa kupenya kwenye vinyweleo vya ukuta, na hapa hauna pa kupenya. Inatakiwa gundi yenye polima, ile iliyoandikwa C2 kwenye mfuko, baada ya kusugua mafuta yote ya mapishi na kukwaruza mng'ao kwa grainda.

Hata gundi bora haiwezi kushinda kilicho nyuma yake. Marumaru mpya zitaning'inia kwenye za zamani, na za zamani nyingi zilibandikwa kwa madonge: saruji katikati, pembeni hewa tupu. Gonga kila moja kwa mpini wa bisibisi. Inayotoa mlio mzito imeshika. Inayolia kama debe tupu inasubiri siku yake tu. Zikiwa mbili tatu, zitoe, ziba, endelea juu kwa juu bila wasiwasi.

Unene nao uukumbuke: marumaru ya milimita 8 na gundi yake husogeza ukuta zaidi ya sentimita 1, hivyo soketi zitataka skrubu ndefu na koki ya ukutani itazama.

Lakini milio ya utupu ikitapakaa, au unyevu ukitoka ndani ya ukuta, mimi nasema bandua hata kama mfuko unauma. Zaidi sana nyumba yenye mabomba ya zamani ya chuma, maana hayo huoza kwa kutu, na siku yakivuja utavunja tabaka mbili badala ya moja. Fundi akikutajia bei kabla ya kugonga, mwombe agonge mbele yako, na aina ya gundi iandikwe kwenye makadirio.