Tuikunje fimbo au turekebishe mpigo?

Mafundi wa fimbo za gofu husema aini (fimbo yenye kichwa cha chuma) isiyopimwa ulalo wake kwa mwili wako itakupoteza. Walimu wa mchezo hujibu kwamba chuma kisilaumiwe kwa makosa ya mikono. Kwa maoni yangu wote wana haki, ila si kwa mchezaji yuleyule.

Ulalo ni pembe kati ya mpini na ardhi pale kitako cha fimbo kinapotua sawasawa. Aini namba 7 huwa na kama digrii 62. Mpini ukisimama kupita kiasi, kisigino cha fimbo, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mpini, hugusa chini kwanza na mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huelekea kushoto. Ukilala mno, ncha, yaani upande wa mbali na mpini, ndiyo hugusa na mpira huenda kulia. Kadiri uso wa fimbo unavyoinama nyuma ndivyo kosa linavyokua. Digrii 2 za ulalo kwenye weji (fimbo ya mipigo mifupi) yenye uso ulioinama digrii 56 hugeuza uso karibu digrii 3. Kwenye aini ya digrii 34 ni 1.3 hivi, yaani mita 3 na ushei kwa mpigo wa mita 140. Kwenye draiva, fimbo ya mipigo mirefu ambayo watu huihangaikia kuliko zote, ni theluthi tu ya digrii.

Hoja nzito ya mafundi ni hii: mpira ukienda kulia kila mara, mchezaji huanza kuuvuta kwa viganja bila kujijua, na kosa la chuma likahamia mwilini. Lakini kinyume chake pia hutokea. Anayeinua mikono anapopiga hugonga kwa ncha. Fundi humsimamishia pembe, na siku mwalimu akimtibu mikono, mipira yote yaenda kushoto.

Vipimo navyo vina hila. Kupima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni hakuoni jinsi mpini unavyopinda kuelekea chini wakati wa mpigo, na ubao mgumu wa kupigia, unaoonyesha kitako kinagusa wapi, humfanya mtu apige kwa woga. Mimi nauamini zaidi mstari wa wino uliochorwa wima kwenye mpira: chapa yake kwenye uso wa fimbo ikisimama wima, ulalo uko sawa.

Chapa kumi zikiinama upande mmoja, kunja, tena anza na weji. Zikitawanyika, mara kisigino mara ncha, fundi hana pembe ya kukupa.